Rimoti ya Gari Imegoma: Je, Halifunguki au Haliwaki?

Rimoti ya gari ikigoma, wengi hukimbilia kwa fundi funguo, nao huambiwa kwamba ufunguo umejifuta na sharti uprogramiwe upya. Huenda ikawa kweli. Lakini kabla ya kukubali gharama hiyo, kuna betri mbili za kukagua, ya rimoti na ya gari lenyewe, na ukaguzi huo unaufanya pale pale ulipoegesha.

Ndani ya kasha la plastiki la rimoti mna vitu viwili vinavyofanya kazi tofauti. Kimoja ni redio ndogo inayotuma amri ya kufunga na kufungua milango, na hiyo ndiyo inayokula betri. Cha pili ni chipu ya imobilaiza, inayoiruhusu injini iwake. Chipu hiyo haihitaji betri. Hupata nguvu kutoka kwenye koili inayozunguka swichi ya ufunguo, au karibu na kitufe cha kuwashia. Ndiyo maana swali la kwanza ni hili: gari linakataa kufunguka, au linakataa kuwaka?

Kama halifunguki, tumia ufunguo wa chuma. Magari ya kitufe nayo yanao: bonyeza kibonyezo kidogo ubavuni mwa rimoti, uuvute. King'ora kikilia usihangaike, kwa kawaida hunyamaza gari likitambua chipu yake. Sasa tazama taa ya ndani. Ikiwa hafifu au haiwaki kabisa, acha rimoti, shughulikia betri ya gari. Betri hiyo ikiwa nzima na imetulia, husoma takriban volti 12.6, ikishuka chini ya 12 imekwisha chaji. Taa zikiwa sawa, jaribu rimoti ya akiba. Ya akiba ikifanya kazi, gari halina kosa.

Hapo ndipo unafungua kasha. Betri ina maandishi mgongoni, kama vile CR2032, na maandishi hayo yana maana: 20 ni kipenyo kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana ule ule na volti 3 zile zile, ila ni nyembamba kwa milimita 0.7, na pengo hilo linatosha kuifanya icheze na kupoteza mguso. Hivyo rimoti inafanya kazi leo, kesho inagoma, na lawama inakwenda kwenye programu. Nunua namba ile ile iliyotoka. Kabla ya kuitoa ya zamani, angalia upande wa kujumlisha ulielekea wapi.

Usitegemee taa ndogo nyekundu ya kwenye rimoti. Inaweza kuwaka huku nguvu iliyobaki haitoshi kurusha mawimbi. Dalili ya kweli ya betri inayochoka ni umbali: zamani ulifungua gari ukiwa ng'ambo ya barabara, sasa mpaka uguse mlango.

Betri uliyoitoa usiiache mezani. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Ukishuku tu kwamba kameza, mkimbize hospitali wakati huo huo. Usingoje aende haja.

Betri mpya ikishindwa, kagua vibati vinavyoigusa. Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja wanaijua kutu ya kijani inayoletwa na hewa ya chumvi. Isugue taratibu kwa pamba yenye spiriti, uache pakauke. Na kama ni kitufe kimoja tu kisichoitika, kiswichi chake pengine kimeachia risasi kwenye bodi. Fundi simu mwenye mkono mwepesi hukichomea.

Kama gari halitaki kuwaka na ni la kitufe, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, kisha bonyeza. Katika magari mengi chipu itasomwa hata kama betri ya rimoti imekufa. Usiiweke rimoti mfuko mmoja na simu, kwa kuwa simu huweza kuvuruga mawasiliano yake na gari.

Kwa ufunguo wa kuzungusha, jambo linaloniudhi ni kasha jipya. Mtu anabadilisha kasha lililopasuka, milango inafunguka vizuri, lakini injini haishiki. Katika funguo nyingi za zamani chipu ni kipande cheusi kilichokaa peke yake, mbali na bodi, na kimebaki ndani ya kasha lililotupwa jalalani. Kabla ya kutupa, litikise, ulichungulie.

Yakiisha hayo yote bila mafanikio, hapo programu inastahili kushukiwa, na fundi mwenye mashine ndiye mwenye kazi. Mwombe akutengenezee na ufunguo wa pili. Magari mengi ya mitumba kutoka Japani hufika na mmoja, na ukipotea huo pekee, kazi huwa kubwa na bei hupanda. Usinunue rimoti kwa kufananisha sura tu: za Japani hutumia masafa ya karibu megahezi 315, za Ulaya aghalabu 433.92, nazo hazisikilizani hata zikifanana kama mapacha. Nenda na ufunguo ulio nao pamoja na namba ya chasisi.