Kibwezi hadi Kitui: Ziara ya Siku Moja Isiyo na Piramidi

Treni ya SGR inayosimama njiani inapofika Kibwezi, abiria wengi hata hawainui vichwa. Safari yao ni ya Mombasa. Wachache wanaoshuka hulakiwa na joto, mibuyu na makondakta wa matatu wanaogombania mizigo. Ni nadra kati yao kumkuta mtalii, ingawa hapo ndipo pa kuanzia mojawapo ya ziara nzuri za siku moja nchini Kenya.

Ziara za aina hii ni biashara kubwa kwingineko. Katika bandari ya Progreso, pwani ya Yucatán nchini Meksiko, meli za kitalii hutia nanga asubuhi, abiria wakapakiwa kwenye mabasi kwenda kuona magofu ya Wamaya ya Chichén Itzá. Wengine hupelekwa Izamal, mji uliopakwa rangi ya manjano, ambako katika karne ya 16 watawa wa Kifransisko walijenga makao yao juu ya jukwaa la hekalu la Wamaya. Jioni wote wamesharudi melini.

Huku Ukambani, ziliko Kibwezi na Kitui, hakuna piramidi. Wakamba wa karne ya 19 walikuwa watu wa misafara: walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakarudi na nguo, shanga na shaba. Walichoacha nyuma yao ni njia. Na kama ilivyokuwa Izamal, wageni waliokuja baadaye walijenga juu ya kile walichokikuta.

Kibwezi ni mfano mzuri. Palikuwa na maji, na msafara wa kutoka pwani haukuweza kupita bila kutua. Mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti, wakiongozwa na Dakta James Stewart aliyetoka Afrika Kusini, walifungua kituo hapo kwa fedha za wakurugenzi wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala eneo hilo. Maji yaliyowavutia yaliwavutia mbu pia. Malaria iliwaua kadhaa, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa nyanda za juu, Kikuyu, pale Thogoto.

Kwa chakula cha mchana, matatu ya kuelekea Makindu haina mpinzani. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita hapa ikielekea Nairobi, na Makindu ikawa kituo cha kazi cha mafundi na vibarua kutoka India. Masingasinga waliokuwa miongoni mwao walihitaji mahali pa kusali. Hekalu lao la sasa lilijengwa mwaka 1926, na mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hukaribishwa kula bila malipo. Anachotakiwa ni kuvua viatu na kufunika kichwa. Madereva wa malori wa barabara ya Mombasa wanalijua jiko hilo vizuri kuliko watalii.

Baada ya kurudi Kibwezi, gari hukata kuelekea kaskazini kwa barabara ya Mutomo. Zamani njia hii ilikuwa ya vumbi na mashimo. Sasa ni lami. Inavuka mto Athi, ambao ukifika pwani huitwa Sabaki, kisha inaukwea mwamba wa Yatta, lava iliyoganda na kunyooka kwa karibu kilomita 300. Mbele yake ni Ikutha. Hapo Walutheri kutoka Ujerumani walifungua misheni katika miaka ya 1890, wakiifuata njia ileile ya wafanyabiashara wa pembe.

Njia hiyo ilikuwa na wenyewe. Aliyejulikana zaidi ni Kivoi wa Kitui, tajiri aliyeongoza misafara mikubwa. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf aliondoka Rabai kwa miguu, akafika kwa Kivoi na kusimuliwa habari za mlima mweupe upande wa kaskazini. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka, akauona. Jina alilolisikia kwa wenyeji wake aliliandika kwa masikio yake ya Kijerumani, na kutoka hapo likaja jina Kenya. Wataalamu wa Ulaya walimcheka: theluji kwenye ikweta? Ilibidi wasubiri hadi Joseph Thomson alipoushuhudia mlima huo mwaka 1883. Kivoi hakuiona siku hiyo. Aliuawa mwaka 1851 karibu na mto Tana, akiwa safarini pamoja na Krapf, ambaye alinusurika na kurudi nyuma akiwa na njaa na kiu.

Nje kidogo ya mji wa Kitui limesimama jiwe kubwa la Nzambani. Wenyeji husimulia kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia, na wageni huishia kuhesabu mizunguko yao kwa makini. Ngazi za chuma humpandisha mtu hadi juu, na toka huko macho huenda mbali juu ya vilima na mashamba ya mbaazi na mtama. Mlima Kenya ni bahati ya hali ya hewa. Mara nyingi mchana mawingu huwa yameshaufunika, kwa hiyo anayeutaka hulala Kitui na kurudi jiweni alfajiri. Aliyeridhika na siku moja huteremka mapema, akawahi gari la mwisho la Nairobi.