Talaka na mali ya ndoa mkoani Dodoma

Talaka mkoani Dodoma, kama kwingineko Tanzania Bara, ni kuvunjwa kwa ndoa kwa amri ya mahakama chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (Sura ya 29). Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971 na inahusu ndoa zote: za kanisani, za Kiislamu, za kimila na zilizofungwa serikalini. Haitumiki Zanzibar, ambako mashauri ya ndoa za Waislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi.

Kwa sababu hiyo, barua ya mume, tamko la wazee wa ukoo, ng'ombe waliorudishwa au talaka iliyotolewa nyumbani havimalizi ndoa mbele ya sheria. Mtu aliyeachwa kwa njia hizo pekee bado ni mke au mume halali. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba hana hukumu mkononi, na bila hukumu hakuna mgawanyo wa mali unaoweza kutekelezwa, iwe ni shamba la uwele Bahi au nyumba Nzuguni.

## Historia

Kabla ya mwaka 1971 kila jamii ilikuwa na kanuni zake. Wakristo walikuwa na sheria iliyoachwa na Waingereza, Waislamu walifuata sheria ya dini yao, na wengine walifuata mila. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka uliopendekeza sheria moja kwa wote, na miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria inayotumika hadi leo.

Wenyeji wa sehemu kubwa ya mkoa ni Wagogo, jamii ya wafugaji na wakulima inayofuata ukoo wa baba. Mwanaanthropolojia Peter Rigby aliandika juu yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, akieleza jinsi ng'ombe wanavyofunga undugu. Mahari ya Kigogo ni mifugo. Huchangwa na ndugu wa upande wa mwanamume na kugawanywa kati ya ndugu wa upande wa mwanamke. Ndiyo maana kuachana hakukuwa jambo la watu wawili: ng'ombe walikwisha kuingia katika mazizi mengi, wengine wamezaa, wengine wametolewa tena kama mahari ya kaka wa bibi harusi. Kuwadai wote kulimaanisha kufumua ndoa nyingine. Shinikizo la ndugu kwa mwanamke kwamba arudi kwa mumewe lina mizizi yake hapo.

Sheria ya Ndoa haikufuta mahari, ila iliiondolea nguvu ya kuamua uhalali. Ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama mahari haikulipwa au haikumalizika. Aidha, mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na kujulikana na watu kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wamefunga ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kipengele hiki kina uzito katika jiji ambalo limepokea wageni wengi tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016.

## Baraza la usuluhishi

Shauri la talaka haliendi mahakamani moja kwa moja. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro ufikishwe kwanza mbele ya baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Kila kata inatakiwa kuwa na baraza, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Jumuiya za dini pia zinaweza kuwa na mabaraza yao yaliyotambuliwa rasmi.

Baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa mali. Kazi yake ni kuwasikiliza wote wawili, kujaribu kuwapatanisha, na likishindwa kutoa cheti. Cheti hicho huambatanishwa na maombi ya talaka, na kinapaswa kuwa kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Mtu aliyepewa cheti kisha akangoja mwaka mzima ili kuona kama mwenzake atabadilika hulazimika kurudi barazani.

Karatasi hii ndogo imeangusha mashauri makubwa. Mwaka 2020, katika shauri la Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba bila cheti halali cha baraza maombi ya talaka hayana miguu ya kusimamia, na mwenendo wa mahakama za chini ukafutwa. Barua ya mtendaji wa kijiji au ya mwenyekiti wa mtaa inayosema "wameshindwana" si cheti. Anayekwenda barazani anafaa kuhakikisha kwamba pande zote mbili zimeitwa, kwamba waliohudhuria wameandikwa, na kwamba cheti kinasema waziwazi kuwa usuluhishi umeshindikana.

Sheria inaruhusu kuruka hatua hii katika hali chache: mwenzi ametoroka na hajulikani alipo, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, amekataa kwa makusudi kufika barazani, amefungwa kifungo cha maisha au cha miaka 5 au zaidi, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kwamba mazingira ni ya pekee.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika wilaya ya Kondoa, mpangilio wa hatua una maana kubwa. Kifungu cha 107 kinaielekeza mahakama itoe amri ya talaka pale ambapo baraza limethibitisha kushindwa *na baada ya hapo* mmoja wao amefanya tendo linalovunja ndoa katika sheria ya Kiislamu. Talaka iliyotamkwa kabla ya baraza kukaa haikidhi sharti hilo.

## Kufungua shauri

Maombi yanaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa watu wengi wa vijijini Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haiwezi kuombewa talaka bila ruhusa ya mahakama.

Mwombaji hahitaji kuthibitisha kosa moja maalumu. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Miongoni mwa mambo yanayoweza kuthibitisha hilo ni uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, na kifungo kirefu. Kumpiga mwenzi hakuna kinga ya mila: kifungu cha 66 kinasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

## Mgawanyo wa mali

Ndoa yenyewe haibadilishi umiliki. Kila mmoja hubaki na alichokuwa nacho na anaweza kununua na kuuza kwa jina lake. Mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao kwa usawa. Wakati wa talaka ndipo kifungu cha 114 kinapoipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Mahakama huangalia mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hapo inaelekezwa kuegemea usawa. Hii haina maana ya nusu kwa nusu kila mara. Ukubwa wa mchango ni jambo la ushahidi.

Kwa miaka mingi swali gumu lilikuwa kama kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Jibu lilitolewa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni sehemu ya juhudi za pamoja. Hukumu hiyo hutajwa karibu katika kila shauri la aina hii. Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona kwamba shilingi 15,000 alizopewa na mumewe kuanzisha biashara ya familia alizifuja, na hivyo mchango wake ukawa umekwisha kulipwa. Wanawake waliofuata walinufaika na kanuni ambayo haikumsaidia aliyeipigania.

Mfano wa shamba la zabibu unaonyesha jinsi kanuni hizi zinavyofanya kazi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara 2 kwa mwaka na zinahitaji mikono muda wote. Ikiwa mume alikuwa na shamba kabla ya kuoa, na mke akapalilia, akapogoa na kuvuna kwa miaka 10, shamba hilo haliko nje ya mgawanyo. Sheria inasema mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine, au na wote wawili, huhesabiwa pamoja na mali ya ndoa. Hali ni hiyohiyo kwa kiwanja kilichonunuliwa kabla ya ndoa na kujengwa ndani ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inasema mwenzi aliyechangia kwa nguvu zake uzalishaji na utunzaji wa ardhi iliyo kwa jina la mwenzake hupata maslahi katika ardhi hiyo.

Ushahidi ndio huwa mfupi. Risiti za saruji, stakabadhi za chama cha ushirika, ujumbe wa malipo ya simu na majirani walioona nani alibeba maji ya ujenzi vyote vinafaa. Nyumba ya familia ina ulinzi zaidi: mwenzi mmoja haruhusiwi kuiuza au kuiweka rehani bila idhini ya mwenzake, naye mwenzake anaweza kuweka zuio kwenye ofisi ya ardhi kabla mgogoro haujafika mbali.

## Mikataba ya wanandoa

Mkataba wa mali kabla ya ndoa haujazoeleka mkoani, na wengi huuona kama dalili ya kutoaminiana. Hata hivyo Sheria ya Ndoa inapotaja umiliki inaacha nafasi kwa makubaliano tofauti kati ya wanandoa. Kenya imeenda mbali zaidi: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataja wazi mikataba ya kabla ya ndoa. Tanzania pia inatambua makubaliano ya kutengana, ambapo mume na mke wanabaki katika ndoa lakini wanaishi mbalimbali kwa masharti waliyoandika. Makubaliano kuhusu watoto hayaifungi mahakama, ambayo inaweza kuyabadilisha kwa faida ya mtoto.

## Watoto

Katika mila za ukoo wa baba, watoto waliozaliwa baada ya mahari kutolewa ni wa upande wa baba, na mara nyingi mama huondoka peke yake. Sheria haianzii hapo. Kifungu cha 125 kinaweka mbele ustawi wa mtoto. Kisha huangaliwa matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe kama umri unamruhusu kujieleza, na mila. Mtoto aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza kwamba ni vyema ndugu wasitenganishwe na maisha ya mtoto yasikatizwe bila sababu.

Mzazi asiyekaa na mtoto habaki nje ya maisha yake. Mahakama inaweza kupanga siku za kumtembelea au likizo atakayokaa naye. Amri isemayo tu "baba atamwona mtoto" huzaa ugomvi mpya; inayotaja wikendi, mahali pa kukabidhiana na nani analipa nauli hudumu zaidi.

Wajibu wa matunzo ni wa baba kwanza, hata kama mtoto anakaa kwa mama, na mama anaweza kuamriwa kuchangia kulingana na kipato chake. Zamani kulikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa; sheria iliyoweka kiwango hicho ilifutwa mwaka 2009. Sasa huangaliwa kipato cha wazazi wote, watu wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, kwa hiyo kiasi cha mtoto anayesoma jijini Dodoma kinaweza kutofautiana na cha aliye Chemba. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri huweza kupokea malalamiko ya matunzo kabla ya shauri kufunguliwa, na mahakama inaweza kuomba taarifa yake kuhusu hali ya nyumbani.

## Msaada wa kisheria

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwaelekeza watu na kuwasaidia kufuata taratibu lakini hawaruhusiwi kuwawakilisha mahakamani. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuwatumia tangu hatua ya baraza, ambapo kosa la karatasi bado linarekebishika kwa urahisi.