Mali bila daftari: nyimbo za nchi ya chai ndani ya kompyuta

Mpenzi wa muziki wa zama hizi ana maghala mawili. La kwanza ni lake mwenyewe: santuri na kaseti alizorithi, sidii alizonunua mjini Kericho au Bomet, na nyimbo alizozirekodi harusini na shuleni, ambazo pengine zote amekwisha kuzihamishia katika diski ya kompyuta. Ghala la pili si lake. Hilo ni lile la mamilioni ya nyimbo zinazomfikia kwa intaneti kupitia huduma kama Spotify, Boomplay, Apple Music au Tidal, mradi alipe ada au avumilie matangazo. Kwa miaka mingi kila ghala lilikuwa na mlango wake. Siku hizi zipo programu zinazoyaunganisha yote mawili katika orodha moja: Roon, iliyotoka mwaka 2015, Audirvana, ya Ufaransa, na Lyrion Music Server, ambayo hupatikana bure. Mbili za kwanza huunganisha faili za nyumbani na huduma za Tidal na Qobuz. Ya tatu hufanya kazi hiyo kwa viongezi ambavyo mwenye kompyuta huviweka mwenyewe.

Wapenzi wa sauti safi wana mijadala yao juu ya mitambo hii: amplifaya gani, spika zipi, waya wa namna gani. Sina ugomvi nao. Lakini mimi ni mwalimu wa isimu, na swali linalonishughulisha ni jingine: je, programu hizi huujuaje wimbo? Jibu lake linawahusu walimu na wanafunzi kuliko mafundi wa sauti.

Programu haina sikio la kujua kwamba sauti hii ni ya bibi wa Kapkatet na ile ni ya kijana wa Sotik. Husoma lebo, yaani maandishi yaliyofichwa ndani ya faili: jina la wimbo, jina la msanii, albamu, mwaka, lugha. Kisha huilinganisha lebo hiyo na urefu wa wimbo dhidi ya hazina za kumbukumbu zilizoko mtandaoni. Baadhi ya programu huchukua hata alama ya sauti yenyewe, mfano wa alama ya kidole, na kuitafuta katika hazina hizo. Lebo ikikubaliana na hazina, wimbo wa diskini na ndugu zake wa mtandaoni hupangwa pamoja, picha na historia ya msanii zikafuata. Ikishindikana, wimbo hutupwa katika kapu la visivyojulikana. Haukufutwa, bado umo. Lakini asiyeujua jina hataufikia kamwe.

Nchi yetu ya chai inao mfano mzuri kuliko yote wa jambo hili. Mwaka 1950, Mwingereza Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika wilaya ya Kericho ya wakati huo, akarekodi nyimbo za Kipsigis. Miongoni mwake zilikuwamo nyimbo zilizoitwa "Chemirocha". Jina hilo halikuwa la Mkipsigis. Lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika vilima hivi. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walioimba walimwona kiumbe huyo wa ajabu kuwa nusu mtu na nusu paa.

Tazama jinsi lugha ilivyofanya kazi. Kikalenjin hakitofautishi sauti ya "j" na ya "ch" kwa namna Kiswahili kinavyotofautisha "jana" na "chana". Basi "Jimmie" likafunguka kwa "Che", silabi ileile inayofungua majina kama Chemutai, Chebet na Chelangat. Na "Rodgers" likaishia kwa "rocha". Mgeni akapewa jina la nyumbani, akawa mwenyeji. Hakukuwa na upotoshaji hapo. Huo ndio utaratibu wa kila lugha hai: hupokea kitu cha nje na kukivika vazi lake.

Sehemu ya pili ya kisa ndiyo yenye funzo. Tracey alikuwa na tabia ya kuandika. Kila wimbo aliupa kadi: nani ameimba, kwa lugha gani, mahali gani, kwa ala gani. Kwa sababu hiyo twajua leo kwamba mmoja wa walioimba aliitwa Chemutoi Ketienya. Mwaka 1954 Tracey aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katikati ya miaka ya 2010, maktaba hiyo pamoja na shirika la Ketebul Music la Nairobi zilirudisha nyimbo hizo Kenya, na zikasikilizwa tena papo hapo Kapkatet, miaka zaidi ya 60 baada ya kuimbwa. Zilijuaje njia ya kurudi? Ziliongozwa na lebo. Kama kadi ingeandikwa "wimbo wa wenyeji, Kenya" na basi, nani angejua aende Kapkatet na si kwingineko?

Hapana budi pia kulitaja upande wa pili. Katika mikusanyiko mingi ya nyimbo za namna hii ulimwenguni, nafasi ya "msanii" hujazwa jina la aliyeshika kinasa sauti, au maneno "wasanii mbalimbali". Mwenye koo aliyeimba hurudishwa nyuma. Sisi wa milima ya chai tunaufahamu mtindo huo vyema. Jani letu huchumwa Kericho na Bomet, huuzwa mnadani Mombasa, huchanganywa na majani ya nchi nyingine, kisha hunywewa ng'ambo kwa jina lililoandikwa kwenye pakiti. Mnywaji hajui shamba. Muziki nao ukichanganywa bila lebo huwa hivyohivyo.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta za leo ni erevu, zitaturekebishia mambo. Na tuzitazame basi. Kwanza, tahajia. Herufi ya ng', iliyomo katika "ng'ombe" letu na katika jina la bendi ya Koilong'et ya Kipchamba arap Tapotuk, huandikwa kwa alama ya ritifaa. Lakini kibodi moja huweka ritifaa iliyonyooka na nyingine iliyopinda. Kwa jicho letu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na programu isiyo makini itakupa bendi mbili. Neno "arap", lenye maana ya "mwana wa", huandikwa mara kwa herufi ndogo, mara kwa kubwa, mara likaachwa kabisa. Mwimbaji mmoja hugawanyika kuwa watu watatu, kila mmoja na sehemu tu ya kazi zake.

Pili, jina la lugha. Lebo za faili za MP3 zina nafasi ya kuonyesha lugha ya wimbo kwa herufi tatu, kwa kufuata orodha ya kimataifa iitwayo ISO 639-2, ya mwaka 1998. Humo utakikuta Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Kijaluo na Kimaasai, kila kimoja na alama yake. Kikalenjin hukikuti. Kimefichwa ndani ya fungu la jumla la lugha za Kinailo-Sahara. Ni mpaka orodha pana ya ISO 639-3, ya mwaka 2007, ndipo Kikalenjin kilipopewa alama "kln" na Kipsigis "sgc". Maana yake ni kwamba anayefuata kanuni ya lebo hizo neno kwa neno hana namna ya kuandika kwamba wimbo huu ni wa Kikalenjin, licha ya kwamba lugha hiyo ina mamilioni ya wasemaji na vituo vya redio vinavyotangaza kwayo kutwa. Mafaili ya FLAC yana uhuru zaidi: nafasi zake hupokea maandishi yoyote, nawe waweza kuandika "Kipsigis" kwa urefu wake.

Tatu, ghala la mtandaoni si la milele. Mwaka 2022 mwimbaji Neil Young aliziondoa nyimbo zake katika Spotify, na hazikurudi hadi mwaka 2024. Mwaka huohuo wa 2024 kampuni ya Logitech ilifunga huduma ya mtandaoni iliyoendesha redio zake za Squeezebox. Walioendelea kusikiliza bila wasiwasi ni wale waliokuwa na nyimbo katika diski zao na programu nyumbani mwao. Programu hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka uleule ikaitwa Lyrion. Kumbuka vilevile kwamba wimbo ulioupakua ndani ya huduma ya kulipia si wako: haki ya kuusikiliza hukoma pindi ada inapokoma.

Kuna pia hesabu ya mfukoni. Saa moja ya muziki wa mtandaoni kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144. Saa hiyohiyo kwa ubora kamili wa sidii, ikiwa imebanwa kwa mfumo wa FLAC usiopoteza chochote, huweza kula mara mbili ya hapo au zaidi. Mwalimu wa Bomet anayenunua bando kwa siku hawezi kulipia wimbo mmoja kila aurudiapo darasani. Akiwa nao diskini, aucheze mara mia, intaneti iwepo isiwepo.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo ya matajiri wenye spika za bei ya ng'ombe wanne. Spika ni za matajiri, nakubali. Lebo si za matajiri. Kompyuta kuukuu ya shule, diski moja na programu ya bure vyatosha kuendesha ghala zima. Kinachohitajika zaidi ni mtu anayeijua lugha, na watu hao hawako California. Wako Kericho, Litein, Sotik na Bomet. Baadhi yao wanaisoma safu hii.

Kila mwaka shule zetu huimba nyimbo za asili katika Tamasha la Muziki la Kenya. Walimu huzirekodi kwa simu, wakazitumiana kwa WhatsApp, na wimbo ukaishia kuwa na jina la "AUD", likifuatwa na tarehe na tarakimu zisizo na maana. Huo ni wimbo uliozikwa ungali hai. Mjini Kericho kwenyewe, kampuni ya A. P. Chandarana ilitoa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika za wanamuziki wa Kikalenjin na wa benga. Kila santuri ilibandikwa karatasi yenye jina la wimbo na la mwimbaji. Leo mtu huihamishia santuri hiyo kompyutani, akaiita "Track 01", na kazi ya kuandika iliyofanywa na waliotutangulia ikapotea kwa kubofya mara moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa muziki na wa lugha. Kila wimbo mnaourekodi, uandikeni mambo sita: jina lake kwa tahajia ya lugha yenyewe, mwimbaji, lugha, mahali, tarehe, na ala au hafla. Hifadhini nakala moja katika FLAC, kwani MP3 hupoteza kitu kila inapobanwa upya. Wanafunzi wapewe kazi ya kuwauliza wazee majina na maana, kisha waandike. Ombeni idhini ya waimbaji kabla ya kupandisha chochote mtandaoni. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 na ile ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi zinawahusu wao pia. Idhini ikipatikana, ingizeni habari hizo katika hazina huria kama MusicBrainz, inayojazwa na watu wa kujitolea na ambayo programu nyingi huichotea maelezo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wasichana wa Kapkatet walimpa mgeni jina, likadumu zaidi ya nusu karne. Kizazi chenye kompyuta mfukoni hakina udhuru wa kuwaacha waimbaji wake wenyewe bila majina.