Gari la anasa la umeme: Ni akiba au ni fahari?

Zamani, mwenye fedha aliponunua gari la kifahari hakuhitaji kutoa hoja. Alilipenda, akalimudu, akalinunua. Majirani wakalitazama, yakaisha. Siku hizi mambo yamegeuka. Gari la anasa linaloendeshwa kwa umeme huja na mawakili wawili. Wakili wa kwanza hudai kwamba mnunuzi atapunguza gharama, kwa kuwa ameagana na kituo cha petroli. Wa pili hudai kwamba mnunuzi huyo ataihifadhi hewa tunayoivuta sote. Hivyo basi, anayetumia mamilioni ya shilingi hujiona kama mtu anayeweka akiba, na anayejistarehesha hujiona kama mtu anayefanya ibada.

Nia ya makala haya ni kuyatia madai hayo mawili katika mizani. Najua fika kwamba wengi wa wasomaji wangu, walimu kwa wanafunzi, hawana mpango wa kununua gari la aina hiyo mwaka huu wala mwaka ujao. Hata hivyo, mizani ni ile ile kwa mwalimu anayewazia pikipiki ya umeme kwa mkopo wa chama cha akiba. Isitoshe, mwanafunzi wa leo ndiye mhandisi, mhasibu na mbunge wa kesho. Ni heri ajifunze kupiga hesabu kabla ya kupigiwa tarumbeta.

Haki ni kuanza na sifa. Gari la umeme si kioja cha jana. Mwezi Aprili mwaka wa 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme karibu na jiji la Paris kwa mwendo uliozidi kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo hakuna gari la aina yoyote lililokuwa limewahi kulifanya. Kilichoyashinda magari hayo baadaye ni uzito wa betri za risasi zilizoishiwa na nguvu upesi, pamoja na petroli iliyopatikana kwa urahisi. Betri za lithiamu ndizo zilizoyafufua, na mabingwa watatu waliochangia kuzibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2019. Kampuni ya Tesla ilipoanza kuuza saluni yake ya Model S mwaka wa 2012, ulimwengu ulibaini kwamba gari la umeme laweza pia kuwa gari la anasa. Wajerumani hawakukubali kuachwa nyuma: Porsche ilileta Taycan mwaka wa 2019, nayo Mercedes-Benz ikaizindua EQS mwaka wa 2021.

Tuichukue EQS iwe mfano wetu. Umbo lake limechongwa hata hewa hulipita bila kukwaruzana nalo; kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.20, ambacho ni miongoni mwa vipimo vya chini kabisa kuwahi kupatikana katika gari la kuuzwa madukani. Betri yake hubeba takriban kilowati-saa 108 za umeme. Mota haingurumi. Nguvu hupatikana papo hapo dereva akanyagapo, na betri iliyolazwa sakafuni hulifanya gari litulie kwenye kona. Hakuna mafuta ya injini ya kubadilishwa wala bomba la moshi la kuoza. Dereva ainuapo mguu, mota hugeuka kuwa jenereta, ikapunguza mwendo na kurejesha umeme betrini, na kwa njia hiyo breki hudumu.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kulithibitisha hili kwa kalamu. Nairobi iko mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari lenye uzito wa kilo 2,500, kama huu wa EQS, likitoka Mombasa hadi Nairobi huhitaji kilowati-saa 11 hivi kwa sababu ya mwinuko pekee, kando na zile za kusukuma hewa na kuzungusha magurudumu. Likiteremka kurudi Mombasa, hurejeshewa sehemu kubwa ya hizo. Gari la petroli halina fadhila hiyo. Kila mteremko hugeuzwa kuwa joto la breki, likapotea hewani.

Sasa tumsikilize wakili wa kwanza, yule wa akiba. Tuchukue mtu anayeendesha kilomita 15,000 kwa mwaka. Saluni kubwa ya petroli inayokula lita 10 kwa kila kilomita 100 itahitaji lita 1,500. Tukikadiria lita moja kuwa shilingi 180, atalipa shilingi 270,000. Gari la umeme linalotumia kilowati-saa 20 kwa kilomita 100, tukiongeza sehemu moja ya kumi inayopotea wakati wa kuchaji, litahitaji kilowati-saa 3,300. Kwa shilingi 30 kila moja, atalipa shilingi 99,000. Ameokoa shilingi 171,000. Kwa mwalimu, hicho si kiasi cha kudharauliwa.

Lakini tusikomee hapo, kwani hapo ndipo wakili hufunga kitabu chake. Tuseme gari lilinunuliwa kwa shilingi milioni 12. Likipoteza sehemu moja tu ya kumi ya thamani yake kwa mwaka, shilingi 1,200,000 zimeyeyuka likiwa limeegeshwa kivulini. Na ikiwa fedha hizo zilikopwa kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza pekee ni shilingi 120,000. Akiba yote ya mwaka mzima haitoshi kulipia riba ya mwezi mmoja na nusu!

Kosa liko wapi, ilhali umeme kweli ni nafuu kuliko petroli? Liko katika kusahau kwamba faida ya umeme huletwa na kilomita. Kila kilomita inayoendeshwa huleta senti zake, na chombo kinachotembea mchana kutwa huzikusanya senti hizo hadi zikawa pato. Ndiyo maana bodaboda ya umeme, teksi ya umeme na basi la umeme hesabu zake huelekea kukubali. Saluni ya kifahari aghalabu humpeleka mwenyewe kazini, ikamsubiri saa nane, ikamrudisha nyumbani. Kwa maneno mengine, chombo ambacho kingefaidika zaidi kwa umeme ni kile kisicho na anasa, na chenye anasa ndicho kinachofaidika kidogo.

Kuhusu kupungua kwa thamani, magari haya yana udhaifu wake maalumu. Teknolojia ya betri hubadilika haraka, na gari jipya la leo huonekana kuukuu kesho kutwa. Tena bei ya mapya ikishuka, yaliyotumika nayo hushuka. Mwezi Januari mwaka wa 2023 Tesla ilipunguza bei za magari yake mapya katika Marekani na Ulaya. Waliokuwa wamenunua majuma machache kabla ya hapo walibaki wameshika tama. Juu ya hayo, mnunuzi wa pili huiogopa betri. Sisi sote tuna simu za mkono, nasi tunajua jinsi betri inavyozeeka. Ya gari hutunzwa vizuri zaidi kuliko ya simu, na Mercedes-Benz huidhamini ile ya EQS kwa miaka 10 au kilomita 250,000. Hata hivyo, anayeagiza gari lililotumika kutoka ng'ambo hana budi kuuliza, na kujibiwa kwa maandishi, iwapo dhamana hiyo itavuka bahari pamoja na gari. Sheria yetu hukataa magari yaliyopita miaka minane. Dhamana isiyotambuliwa hapa ni karatasi tu.

Mazingira ya nchi nayo yana sauti yake. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati tatu hivi, kwa hiyo kuijaza betri tupu ya EQS kutachukua saa 36. Hilo laweza kutisha, lakini dereva wa mjini anayekwenda kilomita 50 kwa siku atahitaji saa nne tu za usiku. Anayeishi katika nyumba yenye ua wake hana taabu. Anayeishi ghorofani na kuegesha gari kando ya barabara hana pa kuchomeka waya. Umeme nao hukatika: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Lakini tusimwonee mshtakiwa, kwani mwezi Aprili mwaka wa 2022 ni wenye magari ya petroli waliopiga foleni vituoni wakitafuta mafuta yasiyokuwapo. Kinachonitia shaka zaidi ni matuta yetu, gari refu lililo karibu na ardhi, na betri ya mamilioni iliyolala sakafuni. Kadhalika fundi wa Barabara ya Kirinyaga, bingwa wa kufufua injini zilizokata roho, hapaswi kutia bisibisi katika mfumo wa volti 400, au volti 800 wa Taycan, bila mafunzo na vifaa vya kujikinga.

Tumgeukie wakili wa pili, yule wa hewa safi. Hapa taaluma yangu ya isimu inanilazimisha kusimama kidogo. Matangazo hutuambia kwamba hili ni gari "lisilochafua". Kiswahili, lugha yenye ngeli nzima za mahali, hutuwajibisha kuuliza: lisilochafua wapi? Hapa, huku, au kule?

Hapa, barabarani, dai hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Hakuna moshi, na mtoto anayetembea kwenda shuleni kando ya barabara anapumua vyema zaidi, ingawa vumbi la matairi lipo. Huku, kwenye mitambo ya umeme, Kenya ina haki ya kujivunia. Takriban asilimia 90 ya umeme tunaouzalisha hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Olkaria ilianza kuzalisha mwaka wa 1981, na mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana huko Marsabit yana uwezo wa megawati 310. Gari la umeme linalochajiwa Nairobi ni safi kuliko lile lile likichajiwa katika nchi inayochoma makaa ya mawe. Hoja hii ina uzito, na asiyeikubali anabisha tu.

Lakini kule je? Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, madini yanayotumiwa katika betri nyingi za magari ya bei ya juu, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hasa pande za Kolwezi. Huko Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya machimboni. Mwaka wa 2016 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti iliyoeleza jinsi wachimbaji wadogo, wakiwamo watoto, wanavyoingia mashimoni bila kinga. Wachimbaji hao hatuhitaji mkalimani kuzungumza nao. Zipo betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti, nazo zinaenea katika magari ya bei ya kadiri. Mnunuzi mwenye dhamiri anaweza kuuliza ni ipi anayouziwa. Na mtu anayebeba kilo 2,500 za chuma ili kumfikisha mwili mmoja ofisini asituambie kwamba anaiokoa dunia. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria jijini Nairobi mwaka wa 2022. Hayo ndiyo yenye haki ya kuitoa hoja hiyo kwa sauti ya juu.

Kuna na upande wa umma. Mwaka wa 2019 Bunge lilipunguza ushuru wa bidhaa wa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10. Kwa gari dogo la kazi, huo ni msaada wa busara. Kwa saluni ya milioni 12, ni kumpunguzia mwenye nacho kwa fedha ambazo zingejenga madarasa. Sera inayotazama aina ya nishati bila kutazama bei ya gari inastahili kujadiliwa upya.

Je, ninasema asilinunue? La hasha. Neno "anasa" lilitujia kutoka Kiarabu, ambako shina lake hubeba maana ya kuzoeana na kustareheana. Starehe si dhambi. Mtu aliyesomesha watoto wake, asiyedaiwa, mwenye ua na soketi imara, na aliyemwona kwa macho yake fundi mwenye mafunzo ya kazi hiyo, huyo ana haki ya kupumzisha mgongo katika kiti kizuri na kusikia kimya cha mota. Kwake mimi nina shauri moja tu: anunue lililotumika miaka mitatu au minne, baada ya mwenyewe wa kwanza kubeba hasara kubwa, na kwanza betri ipimwe na cheti kitolewe. Kwa anayepanga kukopa ili "aokoe petroli", shauri langu ni kwamba aiache fedha hiyo ilipo. Petroli aliyo nayo ni nafuu kuliko akiba anayoahidiwa.

Anayetaka fahari na aiite fahari, ailipie mwenyewe, tena kwa fedha taslimu. Tatizo huanza pale fahari inapojiita akiba, kwa sababu aliyedanganywa na jina huja kujua maana yake siku ya kulipa deni.