Daftari la Mkononi kwa Bei Tunayoimudu

Jumamosi moja mama mweka hazina wa kikundi chetu alikuja mkutanoni mikono mitupu. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku tatu kabla, alipokuwa akifua, simu ilimponyoka ikatumbukia ndani ya beseni la maji ya sabuni. Aliianika, akaifukia ndani ya mchele kama alivyoshauriwa na jirani, lakini haikuwaka tena. Ndani ya simu ile mlikuwa na hesabu zote za kikundi chetu cha kuweka na kukopa: hisa za wanachama 20, mikopo, marejesho na faini.

Tulikaa Jumamosi tatu tukizijenga upya hesabu zile. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Wengine walileta ujumbe wa kutuma fedha kwa simu, wengine vipande vya karatasi, na wengine walikuja na kichwa tu. Hapo ndipo tulipoona kwamba vichwa 20 havikumbuki jambo moja kwa namna moja. Dada wawili waliozoea kusaidiana katika misiba na harusi walifikia kutosalimiana kwa ajili ya Sh. 15,000. Mmoja alisema amelipa kwa mkono wa mwenzake. Mwenzake alisema hakumbuki kupokea. Tunawafahamu wote wawili, na hatuamini kwamba kati yao yuko mwongo. Kilichokosekana ni maandishi.

Wahenga walikwisha kutuambia: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini sisi daftari tulikuwa nalo! Tatizo ni kwamba hatukuielewa tabia yake. Basi tulipochanga Sh. 12,000 kila mmoja, zikapatikana Sh. 240,000 za kununua kifaa kingine, tuliamua kwamba safari hii tusikimbilie dukani. Tungekaa kwanza, tuulize na tujifunze.

Tunayaandika haya kwa sababu katika nyumba nyingi mama ndiye daftari la familia. Ndiye anayekumbuka tarehe ya kliniki ya mtoto, ada ya shule, deni la dukani na saa ya dawa za babu. Je, ni kifaa gani cha mkononi kitakachomsaidia kubeba mzigo huo bila kuimaliza fedha ya chakula?

Vifaa hivi vilianzaje?

Hamu ya kuwa na daftari lisilo la karatasi haikuanza jana. Mwaka 1984 kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa kifaa kidogo kilichoitwa Organiser, kilichoweza kushikwa mkononi na kutunza majina na namba. Baadaye makampuni ya Japani, kama vile Sharp na Casio, yalitoa madaftari ya elektroniki yenye vibonye vidogo vidogo. Mwaka 1993 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa Newton MessagePad kwa dola 699. Kifaa hicho kilitakiwa kusoma mwandiko wa mkono, lakini mara nyingi kiliusoma vibaya, mpaka kikafanyiwa mzaha katika katuni za magazeti. Mwaka 1998 kikaachwa kutengenezwa.

Kifaa kilichofika mikononi mwa watu wengi ni Pilot, kilichotolewa na kampuni ya Palm mwaka 1996. Bei yake ilianzia dola 299. Aliyekibuni, Jeff Hawkins, alifanya jambo ambalo mama yeyote mwenye kupanga matumizi atalielewa. Kabla ya kutengeneza chochote, alichukua kipande cha mbao cha kuenea katika mfuko wa shati, akawa anatembea nacho. Akihitaji kupanga miadi, alikitoa mfukoni akajifanya anaandika juu yake. Kwa njia hiyo alitambua ni mambo gani mtu huyahitaji kweli katika siku yake. Yalikuwa machache: kalenda, majina na anwani, orodha ya kazi, na mahali pa kuandika maneno mafupi. Kampuni hiyo iliongozwa na mwanamke, Donna Dubinsky.

Mwaka 2002 kampuni ya Palm ilitoa kifaa kingine, Zire, kwa dola 99. Iliwezaje kushusha bei kiasi hicho? Iliondoa taa ya kioo, ikaacha rangi, na kumbukumbu ikawa megabaiti 2 tu. Lakini kalenda, majina na orodha ya kazi havikuguswa. Waliotengeneza walijua cha kupunguza na cha kubakiza.

Hata hivyo, vifaa vya namna ile vilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Kumbukumbu zake zilihitaji nguvu ya betri wakati wote. Betri zikiisha kabisa, kila kilichoandikwa kilifutika. Hata wakati wa kubadili betri za Pilot, mtu alikuwa na muda wa kama dakika moja tu. Ndiyo maana Pilot iliuzwa pamoja na kitako cha kuiunganisha na kompyuta. Ukibonyeza kitufe kimoja, yote yaliyomo yalinakiliwa huko. Mwenye mazoea ya kukibonyeza alinunua betri nyingine akaendelea na kazi. Asiye na mazoea hayo alianza upya, kama sisi.

Simu zilikuja kuzichukua kazi za vifaa vile, hasa baada ya iPhone kutoka mwaka 2007 na simu za kwanza za Android mwaka 2008. Kampuni ya Palm ilinunuliwa na HP mwaka 2010, na mwaka uliofuata HP ikaacha kutengeneza simu zake. Kwa hiyo mama anayetafuta daftari la mkononi siku hizi, kwa kawaida anatafuta simu. Lakini maswali ya kujiuliza hayakubadilika. Sisi tulijiuliza manne.

1. Tunataka kukumbuka nini?

Tulichukua karatasi tukaandika mambo yote tunayotaka kifaa kitukumbushe. Orodha ya kwanza ilikuwa ndefu, na ndani yake mlikuwa na kamera nzuri na muziki. Tuliisoma tena, tukauliza kwa kila jambo: tukilikosa hili, nani ataumia? Yalibaki manne: hesabu za fedha, tarehe za marejesho, namba za simu za wanachama na wadhamini wao, na kengele ya kutukumbusha siku. Jaribu hivyo nyumbani kwako. Kamera nzuri ni kitu cha kupendeza, lakini kama unachohitaji ni kukumbuka kliniki na ada, usiilipie kamera kwa fedha ya ada.

2. Kikifa leo, yaliyomo tutayapata wapi?

Hili ndilo swali ambalo hatukuliuliza mara ya kwanza, na ndilo lililotugharimu. Watu wengi hudhani kwamba kila kitu kimo ndani ya laini, na kwamba ukiihamishia laini kwenye simu nyingine basi umehama na yote. Sivyo. Laini hutunza majina na namba ulizozihifadhi humo, pamoja na ujumbe mfupi kiasi kidogo. Picha, hesabu na tarehe za kalenda hukaa katika simu yenyewe, au katika kadi ya kumbukumbu, au hutunzwa kwa njia ya intaneti kama umeifungulia akaunti na kuiruhusu.

Kwa hiyo usiridhike na jibu la "Ndiyo mama, inatunza." Fanya jaribio. Andika mstari mmoja katika simu unayotaka kununua, kisha mwombe muuzaji akuonyeshe mstari huo huo katika simu nyingine. Asipoweza, jua kwamba utakachokiandika humo kitaondoka pamoja na simu.

3. Ni nani mwingine anayeweza kuifungua?

Daftari la familia au la kikundi lina siri za watu. Ni lazima liwe na namba ya siri, hasa katika nyumba yenye watoto wanaopenda kuchezea simu. Lakini siri inayojulikana na mtu mmoja tu ni hatari pia. Mtu huugua, husafiri, hufariki. Sisi tuliiandika namba ya kufungulia simu na neno la siri la akaunti katika karatasi, tukaitia ndani ya bahasha, tukaifunga kwa gundi na kusaini juu yake. Bahasha hiyo inatunzwa na mwenyekiti. Namba ya siri ya fedha haimo humo. Hiyo haiandikwi wala haiambiwi mtu.

4. Tutalipa kiasi gani baada ya kununua?

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Kuna bando la intaneti, kuna chaji, kuna kioo kikipasuka. Uliza kioo cha simu hiyo kinapatikana mjini kwenu na kwa bei gani, kwa sababu kuna simu ambazo kioo chake huikaribia bei ya simu nzima.

Angalia pia simu zinazolipiwa kidogo kidogo kila siku. Zimewasaidia wengi wasioweza kutoa fedha yote mara moja. Lakini nyingi katika hizo hujifunga ukichelewa kulipa. Hebu fikiri: mtoto anaugua, unakosa malipo ya siku chache, na siku hiyo hiyo simu inafungwa na kadi yote ya kliniki imo ndani kwa picha! Ukichukua simu ya namna hiyo, jumlisha malipo yote mpaka mwisho uone unanunua kwa shilingi ngapi, na usiifanye kuwa mahali pekee pa kumbukumbu zako.

Tena, jihadhari na simu bandia. Mwaka 2012 Kenya ilizizima simu bandia zisitumike katika mitandao yake, na Tanzania ikafanya hivyo mwaka 2016. Watu wengi walibaki na simu isiyopiga wala kupokea. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Namba ndefu itakayotokea lazima ifanane na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Hakikisha pia umepewa risiti.

Tulichokikuta dukani

Tulikwenda watatu. Kijana wa dukani alituamkia, akatuwekea mezani aina tatu.

Ya kwanza ilikuwa kitochi, simu ndogo ya vibonye. Ilikuwa na kengele na kalenda, na kijana alisema chaji yake hukaa siku kadhaa. Kwa mama anayetaka kukumbushwa dawa na kutunza namba, kifaa hicho kingetosha kabisa, tena fedha nyingi ingebaki. Lakini haikuwa na mahali pa hesabu ndefu, na jaribio letu la mstari mmoja lilishindikana.

Ya pili ilikuwa simu kubwa iliyotumika, yenye kioo kizuri, kwa Sh. 230,000. Tuliipenda. Tulipomwomba kijana aifute yote na kuiwasha upya mbele yetu, ikadai neno la siri la mwenye simu wa kwanza. Hakuwa nalo. Tungeinunua bila kujaribu, siku moja ingetufungia nje. Ukinunua kitu kilichotumika, hakikisha akaunti ya mwenyewe imeondolewa mbele ya macho yako.

Ya tatu ilikuwa simu janja mpya, ya bei ya chini, yenye kamera ya kawaida tu. Ilikuwa Sh. 220,000 na waranti ya mwaka mmoja. Jaribio la mstari mmoja lilifaulu. Tuliichukua hiyo. Zilibaki Sh. 20,000. Tulinunua kifuniko cha mpira cha kuikinga ikianguka, na kaunta buku moja lenye jalada gumu.

Ndiyo, kaunta buku! Wengine walitucheka. Lakini utaratibu wetu sasa ni huu: mama mweka hazina anaandika malipo katika kaunta buku mbele ya wote, na kila anayelipa anasaini. Kabla ya kuondoka, anaingiza hesabu katika simu na kuupiga picha ukurasa wa siku hiyo. Picha inatumwa kwa mwenyekiti na katibu hapo hapo. Kitabu kinakwenda na katibu, simu inakwenda na mweka hazina. Moto, maji na mwizi haviwezi kufika nyumba tatu usiku mmoja kwa urahisi. Kazi yote inachukua dakika kumi.

Na zile Sh. 15,000? Hatukupata ushahidi, na hatutaupata. Kikundi kiliamua deni hilo libebwe na wote 20, kila mmoja Sh. 750. Dada zetu wale wawili walilipa kama wengine. Mkutano uliofuata walikaa benchi moja, ingawa hawakuzungumza sana.

Mama mpendwa, pengine huna kikundi, lakini una nyumba. Leo jioni, watoto wakishalala, chukua simu uliyonayo na uiwaze kana kwamba imetumbukia majini. Ni nini kilichomo ambacho hukiwezi tena kukipata? Kiandike mahali pengine usiku huu huu. Hilo halina gharama. Baada ya hapo ndipo uanze kuhesabu fedha za kununua kifaa kipya.