Sitronela: Yamkera Mbu, Lakini Haikeshi Lindoni

Yeyote aliyepata kushika lindo la usiku kando ya kinamasi amfahamu adui huyu. Hazuiliwi na seng'enge, haulizwi neno la siri, na jeraha lake halionekani ila baada ya siku kadhaa, askari aanzapo kutetemeka kwa homa. Miongoni mwa silaha ambazo askari na jamaa zake huziwekea tumaini dhidi yake ni mafuta ya sitronela. Yafaa silaha hiyo ifahamike nguvu yake na mwisho wa nguvu yake.

Sitronela ni nyasi za jamii moja na mchaichai tunaoutia katika chai. Zinazokamuliwa mafuta kwa biashara ni za aina mbili: ya Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, na ya Java huko Indonesia. Wafugaji wa Ankole nao wanazo nyasi za ukoo huo, wanazoziita omutete, wala hawazipendi, kwani zikishakomaa ng'ombe huzikwepa, nazo huenea na kuyasonga malisho mema. Mafuta hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji moto katika majani, kisha mvuke huo ukapozwa.

Jeshi la India lilikuwa likiyatumia mafuta haya kufukuzia mbu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Marekani iliyaandikisha kuwa dawa ya kufukuza wadudu mwaka 1948. Hayamwui mbu. Kazi yake ni kumvuruga, kwa maana mbu humtafuta mtu kwa kufuata pumzi na harufu ya jasho, na harufu kali ya sitronela humpoteza njia.

Nyumbani mafuta haya yana faida zake. Mama wa nyumba aweza kutia matone machache katika maji ya kupigia deki, chumba kikanukia vizuri. Hutiwa pia katika sabuni. Mshumaa wa sitronela ukiwashwa barazani wakati wa chakula cha jioni hupunguza usumbufu kidogo kwa walio karibu nao, mradi upepo usivume. Lakini shina lililopandwa mlangoni halifukuzi mbu kama wengi wanavyodhani, kwa sababu mafuta yamefungwa ndani ya jani mpaka lipondwe.

Hapo ndipo penye hatari. Mafuta haya huruka upesi. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2002, watu waliojipaka dawa walitia mikono yao ndani ya vizimba vya mbu. Dawa iitwayo DEET, iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946, iliwakinga kwa muda wa saa tano hivi ilipokuwa ya asilimia 24. Zile za sitronela hazikufikisha dakika 20, na bangili zilizotiwa dawa hazikufaa kitu. Mlinzi aliyejipaka saa moja jioni, ifikapo saa mbili amebakiwa na manukato tu. Na mbu wa malaria hupenda kuuma usiku wa manane.

Wazee wetu wa King's African Rifles waliopigana Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw lililosifika kwa malaria, walikuwa chini ya Jenerali Slim. Mwaka uliotangulia, kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele, wagonjwa walioondolewa walikuwa 120. Slim aliamuru askari wapimwe kwa ghafla kama wamemeza vidonge vyao vya mepakrini, na makamanda watatu ambao vikosi vyao vilizembea akawafukuza. Sijui dawa ya malaria iliyo bora kuliko kamanda wa namna hiyo.

Basi askari akiwa nje na akose dawa nyingine, na achanganye kijiko kimoja cha sitronela na vijiko tisa vya mafuta ya kupikia, ajaribu kwanza mahali padogo pa ngozi, kisha ajipake shingoni, masikioni na mikononi, akiepuka macho na midomo, na arudie kila mara. Mikono ya shati iteremshwe, suruali ichomekwe ndani ya buti. Akilala, alale ndani ya chandarua chenye dawa. Anayekwenda kuvizia asijipake kabisa, kwani harufu hiyo husafiri na upepo, na pua ya adui haina likizo. Nyumbani, chupa iwekwe juu, mbali na watoto na mbali na jiko, maana mafuta haya hushika moto.