Herufi A Haifichiki

SISI watoto wa Mvita tulikuwa na kinyume chetu. Nyumba tuliiita mbanyu, na mgeni aliyeketi kibarazani asijue kama ndiye anayesemwa. Mchezo wa namna hiyo nimeukuta Nakuru, mtaani Bondeni, lakini huko umetiwa ndani ya kompyuta.

Mpwa wangu ana duka dogo mtaani humo, na wateja wake wengi huchukua unga na sukari kwa deni. Majina yao huyaandika katika kompyuta. Mama mtu mzima akidaiwa hapendi kila mpita njia alisome jina lake, naye kijana, kwa kuwasitiri, akatunga programu ya kuyaficha.

Alfabeti yetu haina Q wala X, kwa hivyo zabaki herufi 24. Kila moja hupewa namba: A ni 1, B ni 2, hadi Z ambayo ni 24. Wanaoijua abjadi, ile hesabu inayoifanya Bismillahi kamili kuwa 786, hawatashangaa herufi kugeuzwa namba. Programu huongeza 3 juu ya kila namba, kisha huirudisha kuwa herufi. Jumla ikipita 24, hutoa 24, ndipo Z ikawa C. NAKURU huwa RDNYUY. Julius Caesar wa Roma alitumia hatua hiyo hiyo ya 3, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

"Mjomba, hapa hasomi mtu," aliniambia.

Nikamwomba ukurasa mmoja na kalamu. Nilihesabu herufi tu, basi. D ilizishinda nyingine zote kwa mbali, na maneno mengi yaliishia nayo. Katika Kiswahili ni herufi gani hiyo kama si A? Kaka, dada, mama, baraka, sadaka! D ikiwa A, hatua ni 3, na madeni ya mtaa mzima yako wazi. Chai yangu haikuwa imepoa.

Ujanja huo si wangu. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki yapata mwaka 873, aliueleza katika risala yake juu ya kufumbua maandishi ya siri: hesabu herufi za fumbo, hesabu na za maandishi ya kawaida ya lugha ile ile, kisha linganisha. Nakala ya risala hiyo ilipatikana Istanbul, katika maktaba ya Süleymaniye. Mpwa wangu Caesar alimjua; al-Kindi hakuwahi kumsikia, na hilo lilinisikitisha kuliko fumbo lake.

Hata pasipo kuhesabu, hatua zinazowezekana ni 23 tu. Mwizi mwenye kompyuta huzijaribu zote kwa kufumba na kufumbua.

Jioni ile kijana aliifuta orodha, akaiweka upya chini ya programu ya wataalamu yenye neno la siri refu. Ile yake amewapa watoto wa jirani, wanaoandikiana nayo majina ya utani ya walimu wao.